Programu ya kulea vijana viongozi: tuanze na falsafa, maadili au walezi?

Mratibu wa Programu

Habari wakuu. Tunaandaa programu ya miezi tisa kwa vijana 24 wa miaka 18 hadi 23, wanaotarajiwa kushika uongozi katika vikundi, vyama na kamati zao. Tutakutana Jumamosi moja kila baada ya wiki mbili, kila kikao kikichukua muda wa saa tatu. Walezi waliokubali kujitolea ni wanane, wote ni watu wazima waliowahi kuongoza.

Rasimu ya ratiba iko hivi: miezi mitatu ya kwanza ni falsafa (mihadhara kuhusu wanafalsafa wakubwa), mitatu inayofuata ni maadili ya uongozi (kanuni, mgongano wa maslahi, rushwa), na mitatu ya mwisho kila kijana anakabidhiwa mlezi. Baadhi ya wajumbe wetu wanasema falsafa ni anasa, ikatwe tuweke mafunzo ya kuzungumza mbele za watu na usimamizi wa fedha.

Naomba mnaoijua kazi hii mnisaidie. Mpangilio huu una mantiki? Kikao cha falsafa kinaendeshwaje kwa vijana ambao hawajawahi kuisoma? Mlezi na kijana wakikutana wafanye nini hasa? Na tutajuaje kama imewafaa?

Mjenga Hoja

Mkuu, vitu vyote vitatu unavyo, ila umevipanga foleni. Kijana atasikiliza mihadhara akiwa hana uamuzi wowote mkononi, atakariri kanuni bila mtu wa kumuuliza alizitumia wapi, kisha mlezi anaingia wakati programu inaelekea kufungwa. Kila kipande kitakosa cha kushika.

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alishalisema hili: kijana anaweza kuwa hodari wa jometri na hesabu, lakini hekima ya kutenda hana, kwa kuwa hekima hiyo inahitaji kuyajua mambo mahususi, na hayo huja kwa uzoefu. Plato, mwalimu wake, alikuwa mkali zaidi. Katika mpango wake wa kuwaandaa watawala, mafunzo ya hoja yanaanza mtu akiwa na miaka 30, yanachukua miaka mitano, halafu anarudishwa kwenye kazi za umma kwa miaka 15, na utawala wenyewe anaupata akifika 50. Alihofia kwamba kijana akionja ubishi wa hoja ataufanya mchezo, awe anararua maneno ya kila aliye karibu kama mtoto wa mbwa. Wewe huna miaka 20 ya kusubiri, kwa hiyo inabidi uzoefu na hoja viende sambamba tangu wiki ya kwanza.

Mpe kila kijana jukumu halisi kabla ya somo lolote. Liguse watu wasiopungua watano, liwe na kitu anachoweza kukikosea (fedha, muda wa watu, au nafasi za kugawa), na awepo mtu atakayelalamika akikosea. Kupanga viti hakutoshi. Kugawa zamu, kuchagua nani aende kwenye mafunzo, kushika mfuko mdogo wa kikundi, kusuluhisha timu iliyogawanyika: hayo yanatosha.

Halafu awe na daftari la maamuzi. Kila uamuzi wenye uzito unapata ukurasa mmoja, na ukurasa huo unaandikwa KABLA ya matokeo kujulikana. Aandike: kinachoamuliwa ni nini na mwisho wa kuamua ni lini, nani atafaidika na nani ataumia, kwa majina, njia nyingine zilizokuwepo, angalau mbili, sababu ya kuchagua aliyoichagua, na kitu gani kikitokea atabadili mawazo. Nasisitiza "kabla" kwa sababu mambo yakishaenda vizuri akili hujitungia sababu nzuri, na yakienda vibaya hujitungia mtu wa kulaumiwa. Kurasa mbili kwa mwezi zinatosha. Ukidai kila wiki wataanza kubuni maamuzi ili wajaze daftari.

Daftari hili ndilo kiungo cha programu nzima. Kikao cha falsafa kinachota mifano humo, kikao cha maadili kinafanyia mazoezi uamuzi ambao bado haujafanyika, na mlezi anasoma ukurasa mmoja kabla ya kukutana na kijana wake.

Mwezeshaji wa Majadiliano

Naungana na aliyetangulia. Mimi nitashika swali la kuendesha kikao, maana programu nyingi hufia hapo.

Mihadhara ifute. Njia inayofaa ni ile ya Leonard Nelson, mwanafalsafa Mjerumani aliyeieleza katika hotuba ya mwaka 1922 mjini Göttingen, kisha ikaendelezwa na mwanafunzi wake Gustav Heckmann. Inataka kundi dogo. Gawa vijana wako 24 katika makundi matatu ya wanane, kila moja na mwezeshaji wake. Ukiwaweka wote pamoja, watano watazungumza na 19 watatazama simu.

Kikao kinaanza na swali moja, la jumla, linalojibika kwa kufikiri bila kwenda kutafuta takwimu. "Ni wakati gani kiongozi anaruhusiwa kuficha ukweli?" ni swali zuri. "Uongo wa viongozi unaathirije uchumi?" halifai, linataka utafiti. "Je, uaminifu ni muhimu?" halifai kabisa, jibu limeshawekwa mdomoni mwa anayeulizwa.

Dakika 40 za kwanza ni za mfano. Kila mmoja anataja kwa ufupi tukio lililompata yeye mwenyewe, lililokwisha, na ambalo halimchemshi tena moyo. Kundi linachagua moja. Mwenye tukio analisimulia, na wenzake wanauliza maswali ya ukweli tu: nani alisema nini, lini, wewe ulikuwa unajua nini saa ile. Mtu akianza "mimi ningekuwa wewe..." anasimamishwa hapohapo. Yote yanaandikwa kwenye bango kitita kwa maneno ya msimulizi, bila kupambwa.

Kisha msimulizi aonyeshe kwa kidole mahali pa uamuzi: "hapa ndipo niliponyamaza." Aseme kwa sentensi moja kwa nini aliona ni sawa. Kuanzia hapo kazi ya kundi ni kuchimba kanuni iliyolala chini ya sababu hiyo. Tuseme kijana aliificha timu yake kwamba fedha za safari zimepungua, mpaka alipopata nyongeza. Sababu yake: "sikutaka wakate tamaa." Ukiichimba unakuta kitu kama hiki: kiongozi anaweza kuficha habari itakayowaumiza watu ikiwa hawana la kufanya juu yake. Sasa kanuni iko ubaoni, ijaribiwe. Ni kweli hawakuwa na la kufanya? Wangeweza kupunguza matumizi, au mmoja wao angejua pa kukopa. Basi ama kanuni ina kasoro, ama tukio lenyewe haliingii chini yake. Wairekebishe, waiandike upya, waijaribu tena. Kanuni ikiandikwa upya mara mbili au tatu kwa kikao, hiyo ni kazi nzuri. Wala usilazimishe hitimisho.

Majaribio ya kanuni ninayopendekeza ni matatu. Geuza nafasi: ungekuwa wewe ndiye uliyefichwa, ungeikubali sababu hii? Ipanue: kila kiongozi wa timu akifanya hivi, neno la kiongozi litabaki na thamani gani? Itangaze: unaweza kuisema kanuni hii mbele ya walewale uliowaficha, na bado ikafanya kazi? Anayeifahamu falsafa atamtambua Kant katika la pili na la tatu. Vijana hawahitaji jina lake mpaka wawe wameshalitumia wazo lake. Katika dakika 20 za mwisho ndipo unaleta nusu ukurasa wa mwanafalsafa anayegusa swali hilohilo, wausome kwa sauti na kumpa nafasi kama mshiriki wa tisa. Wakikutana naye namna hiyo, wanampinga bila woga, na wanamwelewa kuliko wangemsikia kwenye mhadhara.

Mwezeshaji hatoi maoni yake kuhusu swali. Anahakikisha wanaelewana (anayetaka kupinga arudie kwanza hoja ya mwenzake mpaka mwenyewe akiri "ndivyo nilivyosema"), anawarudisha kwenye tukio wakianza kuelea, na anaruhusu yeyote kuomba mjadala usimame ili wazungumzie namna wanavyojadiliana.

Yanayoharibu kikao nayajua vizuri. Mfano wa kubuni ni sumu, kwa sababu hoja ikibana mtu anaongeza kipengele kipya na kuchomoka. Mwezeshaji mwenye mazoea ya ualimu hawezi kuvumilia kimya cha sekunde kumi, anamalizia sentensi za watu. Halafu ipo ile kauli inayofika kikao cha pili au cha tatu karibu kila mahali: "kila mtu na maadili yake." Usihubiri. Rudi ubaoni, uliza: yule aliyefichwa alikosea kulalamika? Akijibu hakukosea, muulize ni nini kinalifanya lalamiko lake liwe la haki. Mara nyingi kijana anayesema hivyo anachanganya mambo mawili, kuheshimu tofauti za watu na kuogopa kumhukumu rafiki yake. La kwanza ni msimamo wa kimaadili tayari. La pili ni woga, na kundi linaweza kumsaidia ikiwa woga huo umeshatajwa.

Mkaguzi

Mtaniwia radhi, nitamwagia maji baridi kidogo. Kufikiri vizuri juu ya wema na kuutenda ni vitu viwili.

Mwaka 1973 wanasaikolojia John Darley na Daniel Batson walichapisha jaribio lao walilofanyia wanafunzi 40 wa seminari huko Princeton. Kila mmoja alitumwa jengo la pili kutoa hotuba, na njiani aliwekwa mtu aliyejikunyata akikohoa na kugumia. Baadhi yao hotuba yenyewe ilikuwa ile ya Msamaria Mwema! Mada haikuleta tofauti ya maana. Kilicholeta tofauti ni haraka: kati ya wasio na haraka asilimia 63 walisaidia, kati ya walioambiwa wamechelewa ni asilimia 10. Mwanasaikolojia Stanley Milgram naye, pale Chuo Kikuu cha Yale mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliona watu 26 kati ya 40 wakimwongezea mtu wa chumba cha pili shoti za umeme (za bandia, ila wao hawakuambiwa) mpaka volti 450 kwa kuwa tu mtu mwenye mamlaka amesema waendelee. Lakini alipoweka wenzao wawili wakakataa kuendelea, waliofika mwisho walibaki wanne kati ya 40.

Kutokana na hayo ninachukua mambo mawili ya kufundisha vijana: kuiondoa haraka, na kutafuta mshirika kabla ya kuingia kikaoni.

Mwanasaikolojia James Rest aliugawa mwenendo wa kimaadili sehemu nne: kuona kwamba hapa kuna suala la maadili, kuamua lipi sahihi, kulitaka hilo kuliko maslahi mengine, na kulitekeleza hadi mwisho. Falsafa inainoa ya pili, na ya kwanza kwa kiasi. Viongozi wengi wanaoanguka wanaangukia ya tatu na ya nne. Walijua.

Kwa hiyo nusu ya muda wa maadili iwe mazoezi ya kutamka. Mary Gentile, mwalimu wa maadili ya biashara, amejenga mafunzo yake yote juu ya wazo hili: chukulia kwamba mtu ameshajua lililo sahihi, sasa atalisemaje, kwa nani, kwa hoja ipi? Anataja visingizio vinavyojirudia: ni kawaida, kila mtu anafanya, ni jambo dogo, halimuumizi mtu, si jukumu langu, nawalinda watu wangu. Kijana aandike jibu la sentensi mbili kwa kila kimoja, kisha alitamke kwa sauti mbele ya wenzake. Jibu lililokaa kichwani tu hulikumbuki mtu akikukazia macho.

Zoezi lenyewe linafanywa na watu watatu: anayeshinikiza, anayeshinikizwa na mtazamaji. Mfadhili wa kikundi anaomba mpwa wake aingizwe kwenye orodha ya mafunzo iliyokwisha kufungwa. Dakika nne. Mtazamaji hasahihishi chochote, anaandika tu ile sentensi iliyomlegeza kijana. Wanaisoma, wanatafuta jibu, wanarudia dakika nne nyingine na shinikizo kali zaidi. Wanabadilishana mpaka wote watatu wamepita. Tenga dakika 35 hadi 40. Kosa la kawaida ni kumwigiza mshinikizaji kama jambazi. Shinikizo halisi linakuja na tabasamu: "mwanangu, wewe ndiye tunayekutegemea." Fanyeni mazoezi ya tabasamu hilo. Na kila kijana aondoke na sentensi moja ya kununua muda, kwa mfano "nitakupa jibu kesho saa nne, baada ya kuzungumza na mweka hazina." Sentensi hiyo inaondoa haraka na kuleta mshirika kwa mpigo mmoja.

Kanuni zilizochapwa na kulaminishwa wasipewe. Waandike zao, zisizidi saba, na kila moja iwe kitu ambacho mtu wa nje anaweza kukagua. "Uadilifu" hakikaguliki. "Mwenye undugu au maslahi ya fedha katika jambo linaloamuliwa atatoka chumbani wakati wa kura, na muhtasari utaandika kwamba alitoka" inakaguliwa. Mwanasaikolojia Lawrence Kohlberg na wenzake walilijaribu jambo la aina hii kuanzia 1974 katika shule ndogo huko Cambridge, Massachusetts: mkutano wa kila wiki, mwanafunzi kura moja, mwalimu kura moja, na kanuni walizopitisha ziliwabana wote.

Mwezeshaji wa Majadiliano

Mkaguzi, haraka na upweke nakubali. Lakini usifike mbali ukasema hoja haibadili matendo. Mwanafalsafa Eric Schwitzgebel na wenzake walichapisha utafiti mwaka 2020 kuhusu wanafunzi wa chuo kikuu waliojadili darasani maadili ya kula nyama, wakaangalia kadi zao za chakula badala ya kuwauliza. Manunuzi yenye nyama yalishuka kutoka asilimia 52 hadi 45, huku kundi la kulinganisha likibaki palepale. Si mapinduzi, lakini ni mwendo uliotokana na somo moja.

Mkaguzi

Sawa. Napunguza ukali, mazoezi nayabakiza.

Mnoa Walezi

Mratibu, tuanze na hesabu. Vijana 24 kwa walezi wanane ni watatu kwa kila mlezi. Ukitaka saa moja na kila kijana kila wiki mbili, mlezi anatoa saa sita kwa mwezi, bila kuhesabu kusoma daftari wala safari. Mwezi wa tatu watakuwa wanatuma udhuru. Panga hivi: mara moja kwa mwezi mlezi anakaa na watatu wake pamoja kwa saa moja na nusu, na mara moja na kila mmoja kwa dakika 45. Jumla ni saa tatu na dakika 45. Hiyo mtu mwenye kazi na familia anaibeba.

Waanze wiki ya tatu. Mtafiti Kathy Kram, katika utafiti wake wa jozi 18 za mlezi na anayelelewa uliochapishwa 1983, aliona hatua ya kuzoeana peke yake ikichukua miezi sita hadi mwaka. Jean Grossman na Jean Rhodes (2002), wakichunguza ulezi wa watoto na vijana wadogo, waliona faida zikikua pale uhusiano ulipodumu mwaka au zaidi. Jozi zilizovunjika ndani ya miezi mitatu zilimwacha kijana akijithamini pungufu ya mwanzo. Miezi mitatu uliyoitenga wewe ndiyo hasa sehemu ya hatari. Waombe walezi miezi 12, yaani waendelee miezi mitatu baada ya vikao kwisha, kwa sababu kijana atapata mtihani wake mkubwa akishatoka mikononi mwenu.

Sasa nani asiwe mlezi. Seneca, mwanafalsafa wa Roma ya kale, aliitwa kutoka uhamishoni mwaka 49 BK kumfundisha Nero, mtawala wa baadaye wa Roma. Nero alitawazwa mwaka 54, hajafika miaka 17, na Seneca akamwandikia insha nzima juu ya huruma ya mtawala. Mwaka 59 Nero alimuua mama yake, na Seneca akabaki kwenye baraza. Mwaka 65 Nero alimwamuru Seneca ajiue. Wakati wote huo mwalimu alikuwa ametajirika mno chini ya mwanafunzi wake. Ulezi ambao mlezi anakula kutoka mkononi mwa anayemlea hauna meno. Kinyume chake ni kibaya vilevile: mlezi ambaye ni bosi wa kijana, mpiga kura wake, au mtu anayemdai. Kijana hatamfungulia daftari mtu anayeandika tathmini yake ya kazi. Kwa hiyo kabla ya kuwaoanisha, muulize kila mlezi kwa maandishi kama ana mamlaka yoyote juu ya kijana au maslahi yoyote kwake. Akiwa nayo, abadilishwe.

Dakika 45 zigawanywe: kumi za kuulizia ahadi ya mara iliyopita, 25 za ukurasa mmoja tu wa daftari, kumi za kutoa ahadi moja yenye tarehe. Maswali ambayo walezi wanapaswa kuyajua kwa moyo ni machache. Ulikuwa unajua nini wakati huo? Nani hakuwepo chumbani? Ungekuwa umekosea, ungeliona kwa dalili gani? Sababu hii ungeisema mbele ya nani, na mbele ya nani usingeisema? Hilo la mwisho linatoa mambo mazito, liachwe hadi mkutano wa tatu au wa nne.

Simulizi za mlezi ziwekewe kikomo: moja kwa mkutano, dakika tatu, na baada ya kijana kutaja njia zake mwenyewe. Wazee wetu hawa wakianza kukumbuka ya zamani, dakika 45 zimekwisha. Tatizo kubwa zaidi ni la kutengeneza nakala. Kijana anaanza kuamua kama mlezi, kuongea kama mlezi, na wote wawili wanaona wamefaulu. Dawa yake ni hii: kila baada ya miezi mitatu mlezi ndiye alete ukurasa wa uamuzi wake, kijana awe muulizaji. Kijana asiyeweza kupata swali hata moja la kumbana mlezi wake amekuwa mfuasi, na mratibu aingilie.

Mkataba wao uwe ukurasa mmoja. Muda na mahali pa wazi pa kukutania. Usiri na mipaka yake: habari ya mtu kuumizwa au uhalifu haitunzwi siri, na hili lisemwe siku ya kwanza. Hakuna kukopeshana wala zawadi za fedha. Njia ya kuachana bila lawama: baada ya mkutano wa tatu mratibu awaulize wote wawili, kila mmoja peke yake, kama waendelee. Ukilifanya swali hili kwa jozi zote, hakuna atakayejisikia ameshtakiwa.

Mratibu wa Programu

Asanteni sana, rasimu yangu nimeichana. Nina matatu ya mwisho. Tunaye kijana mmoja msemaji hodari, anashinda kila ubishi. Tumfanyeje asiwameze wenzake? Wajumbe wanaotaka mafunzo ya fedha na kuzungumza niwajibuje? Na lile la kupima bado halijaguswa.

Mwezeshaji wa Majadiliano

Huyo msemaji mpe kalamu ya bango kwa vikao viwili, aandike maneno ya wengine kama walivyoyasema. Baadaye mpe sharti kwamba kabla ya kupinga aijenge hoja ya mwenzake iwe na nguvu kuliko mwenyewe alivyoisema. Mlezi wake naye aambiwe mapema, maana hodari wa maneno ndiye anayeweza kujihalalishia chochote kwa ufasaha, na ukurasa wake wa daftari utapendeza kabla haujawa wa kweli. Muulizwe zaidi juu ya majina ya walioumia.

Mkaguzi

Wajumbe wako wamesema kweli kuhusu fedha, usikate. Ila fedha ni somo la maadili, liweke humohumo. Anayeidhinisha malipo, anayeshika fedha na anayeandika kitabu wawe watu watatu tofauti. Kutoa fedha benki kuwe na saini mbili. Risiti iambatishwe siku hiyohiyo, na mtu wa nne asiyehusika alinganishe kitabu na fedha mkononi mara moja kwa mwezi, bila taarifa. Vijana wakiuliza "kwani hamtuamini?", hapo umepata swali la kikao cha falsafa kinachofuata. Kuzungumza mbele za watu kutatokea kwenye mazoezi ya kutamka. Ukitaka zaidi, weka vikao viwili karibu na mwisho, wakishakuwa na cha kusema.

Mjenga Hoja

Kupima. Mtihani wa falsafa utakuambia nani amekariri, na fomu ya "umeridhika kiasi gani" itakuambia kama chakula kilikuwa kizuri. Pima maamuzi.

Chukua ukurasa wa mwanzo na wa mwisho wa kila kijana, ondoa majina na tarehe, zichanganye kurasa zote 48. Wape wasomaji wawili ambao si walezi. Kila ukurasa upate alama 0, 1 au 2 katika mambo manne: walioathirika wametajwa au wamefichwa ndani ya neno "watu", njia mbadala ni halisi au zimewekwa ili zikataliwe, sababu inaweza kutumika kwa mtu mwingine mwenye hali hiyohiyo, na imetajwa dalili ya kubadili mawazo. Wasomaji wakitofautiana kwa alama mbili kwenye jambo moja, wakae waulizane kwanza, mara nyingi maelezo yako ya alama ndiyo hayaeleweki.

Ongeza sauti ya wanaoongozwa. Mwezi wa tatu na wa tisa, watu watano walio chini ya kila kijana wajibu bila majina: alieleza sababu za maamuzi yake? alisikiliza aliyempinga? kuna jambo alilokiri hadharani kwamba alikosea? Wakiwa pungufu ya watano usifanye, watatambulika. Usishtuke kama kijana mwenyewe, ukimuuliza katikati ya programu, anajipa alama ndogo kuliko mwanzo. Ameanza kuona mambo ambayo hakuwa anayaona. Na kama kuna walioomba nafasi wakawekwa kwenye orodha ya kusubiri, waandikishe kurasa hizohizo. Bila wao huwezi kutofautisha kazi ya programu na kukua kwa kawaida kwa miezi tisa.

Mratibu wa Programu

Ukurasa wa mwanzo tuuchukue kwenye kikao cha kwanza, baada ya kuwaonyesha daftari?

Mjenga Hoja

Kabla ya kuwaonyesha. Wape karatasi tupu na swali moja: "Eleza uamuzi unaokukabili sasa hivi na jinsi utakavyouamua." Dakika 25, bila vichwa vya habari, bila mfano. Ukiwapa vile vipengele vitano kwanza, utakuwa unapima kama wamejifunza kujaza fomu. Na ule wa mwisho, mwezi wa tisa, uandikwe vilevile kwenye karatasi tupu, swali lilelile, madaftari yakiwa yamefungwa.